Maswali na majibu: utafiti wa akili mnemba (AI) kwa afya na ulemavu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaotaka kuifanya kazi hii chuoni, si kuuza programu. Nimefurahi.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya wilayani Busia, Uganda, nina diploma. Kila siku nasoma slaidi za malaria. Nasikia vijana wa kompyuta wanaifundisha simu kazi hiyohiyo. Kwangu bado kuna nafasi?

Ipo, ndugu yangu, tena una ujuzi ambao wao wanautafuta. Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere imeshughulika na jambo hili kwa miaka. Simu ya kawaida inabanwa kwenye hadubini kwa kishikizi kilichochapwa kwa printa ya 3D, inapiga picha ya tone nene la damu, kisha programu inaonyesha penye vimelea. Matokeo yao ya mwaka 2016 yaligusa malaria, kifua kikuu na mayai ya minyoo. Lakini programu haijui kimelea mpaka ionyeshwe. Lazima mtu kama wewe akae na picha moja baada ya nyingine: hiki ni kimelea, hili ni vumbi, haya ni mabaki ya Giemsa, rangi inayotiwa kwenye slaidi ili vimelea vionekane, ambayo haikuchujwa vizuri. Mabaki hayo humchanganya mwanafunzi mgeni, na mashine nayo huchanganyikiwa vilevile.

Tafuta shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara, na jioni ujifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kidogo kidogo. Watafiti wakikuita uwawekee alama picha zao, uliza mapema kama jina lako litakuwemo kati ya waandishi wa makala. Kuamua kipi ni kimelea ni kazi ya kisayansi. Kumlipa mtaalamu posho ya siku na kisha kumsahau kabisa ni dhuluma, na ni dhuluma iliyozoeleka.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kompyuta, Kampala. Modeli yangu ya malaria, yaani programu niliyoifundisha kutambua vimelea, inapata asilimia 97 kwa picha za bure za intaneti. Niandike makala?

Subiri kwanza. Nadhani unatumia ile seti maarufu ya Marekani yenye picha 27,558 za chembe za damu. Picha hizo zilitoka kwa wagonjwa 150 na watu 50 wasio wagonjwa huko Chittagong, Bangladesh. Watu 200 tu! Ukizichanganya ovyo, chembe za mgonjwa mmoja zitaingia kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia, na modeli itapata alama kwa kumkumbuka mgonjwa badala ya kuutambua ugonjwa. Gawanya kwa wagonjwa, si kwa picha, halafu uone asilimia hiyo itabaki wapi.

La pili ni kubwa zaidi. Zile ni chembe mojamoja zilizokatwa kutoka slaidi za damu iliyotandazwa nyembamba. Vituo vyetu hutafuta malaria kwa tone nene, ambamo chembe nyekundu zimeshapasuka na kilichobaki ni vimelea na chembe nyeupe. Modeli yako haijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Omba siku chache katika maabara ya kituo chochote, kaa kando ya anayesoma slaidi, kisha urudi kwenye kompyuta. Makala itakayotoka hapo nitaisoma kwa hamu.

Msimamizi anasema nisiguse rekodi za wagonjwa kabla ya kibali. Hakuna njia fupi?

Hakuna. Unaanza na kamati ya maadili ya utafiti, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya kati ya zile zinazolindwa zaidi. Peleka maombi mapema, na muda wa kusubiri uutumie kusoma.

Nasomea uhandisi na nimebuni glavu za kutafsiri lugha ya alama iwe sauti. Je, zinafaa kwa shahada ya uzamili?

Wazo la glavu limejaribiwa sana duniani, na viziwi wengi wamelikataa kwa sababu nzuri. Sarufi ya lugha ya alama imo pia usoni: nyusi, mdomo, mwelekeo wa kichwa. Glavu haivioni. Tena inambebesha kiziwi mzigo wote wa mawasiliano, na anayesikia habebi chochote. Nenda kwenye Chama cha Taifa cha Viziwi cha Uganda, pamoja na mkalimani, uwaulize wanakwama wapi hospitalini. Huenda jibu lao lisiwe na glavu ndani yake, na hapo ndipo utapata mada ya uzamili. Mshirikishe kiziwi kama mtafiti, usimweke kama mtu wa kujaribiwa tu.

Mimi ni Mkongomani, naishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kiswahili chetu kina faida gani katika mambo haya?

Kubwa sana. Mgonjwa akikwambia "kichwa iko inaniuma", wewe umeelewa, lakini programu iliyofunzwa kwa Kiswahili cha redio inaweza kukosea. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za watu za kufundishia kompyuta, unapokea sauti za Kiswahili, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuchangia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hakiko mbali nanyi, na kina madaktari na watu wa kompyuta. Waandikie mkiwa kikundi.

Binti yangu anataka uzamivu katika fani hii. Lazima aende Ulaya? Mama, Arua.

Si lazima, mama. Makerere na Mbarara wanafundisha hadi uzamivu, na kwa uzamili kuna Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi tangu mwaka 2011. Chuo kisimshughulishe sana. Amchunguze msimamizi: anafanya kazi na hospitali gani, nani analipia utafiti, na wanafunzi wake waliotangulia walimaliza? Hilo la mwisho awaulize wanafunzi wenyewe.