Shaba, kitovu na baba: rejeleo katika mistari ya rapu

SWALI: Kuna kijana anachana, na katika wimbo wake mmoja ana mistari hii: "Unanikumbatia, mkono wa pili una shaba / Kitovu nakifunika hata ukiniita baba." Rafiki yangu anashikilia kwamba shaba hapo ni risasi tu, na kwamba hiyo ni istiari. Mimi nahisi ni fumbo. Nani yuko sahihi? Na je, tumuulize mtunzi mwenyewe?

JIBU: Kuhusu shaba, rafiki yako hakukosea. Katika lugha ya mitaani aliyepigwa risasi "amekula shaba", na mchanaji yeyote anaijua maana hiyo. Lakini risasi haina haja na kitovu. Anayeiogopa hulala chini au hukimbia. Mkiona neno halina kazi katika maana ya juu juu, na mtunzi bado kaling'ang'ania, chimbeni hapo hapo.

Shaba, kitovu na baba vinakutana katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Silaha za kawaida hazikumuua. Kilichomweza ni sindano ya shaba ya kitovuni. Mfalme wa Pate, kisiwa cha pwani hiyo hiyo, akamrubuni mwana wa Liyongo, mwana akamdadisi baba yake mpaka akaipata siri, kisha akamchoma akiwa usingizini. Muhammad Kijumwa alikiandika kisa hiki kwa utenzi mwaka 1913, lakini wengi wamekipata kwa masimulizi tu.

Kwa hiyo jina ninalolipendekeza kwa mbinu hii ni rejeleo. Wapo wanaoliita dokezo, na sina ugomvi nao. Rejeleo ni pale maneno machache yanapoita kisa kizima kilicho nje ya wimbo, ambacho msikilizaji anatarajiwa kuwa nacho tayari. Istiari inajitegemea zaidi: ukimwita mtu simba, anayemjua simba amekuelewa. Fumbo nalo limekusudiwa kumwacha mtu nje. Liyongo huyo huyo, alipokuwa kifungoni, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya utungo, ili aokewe mkate wenye tupa ndani yake akatie minyororo. Maneno yalikuwa wazi masikioni, maana ikamfikia mama peke yake. Hilo ni fumbo la kweli. Mchanaji wetu hamfichi mtu. Anategemea tu kwamba unakijua kisa. Asiyekijua atabaki na risasi yake, na wimbo bado utamwingia. Nadhani mvutano wenu umetokea hapo, kwa kuwa asiyejua huachwa nje katika hali zote mbili.

Sasa tazameni alichokifanya na kisa chenyewe, maana uhodari wa mistari hii uko huko. Liyongo alichomwa akiwa amelala. Huyu yuko macho. Anakumbatiwa, na mkono anauona. Liyongo alitoa siri. Huyu anafunika kitovu. Tena neno "baba", ambalo mitaani mtu huitwa kwa heshima au kwa kubembelezwa tu, linamgeuza rafiki kuwa mwana msaliti bila usaliti kutajwa hata mara moja. Ni mistari miwili tu, na ndani yake kuna Liyongo aliyejifunza kutokana na kifo cha Liyongo. Mimi naiheshimu sana kazi ya namna hiyo, na inaniuma ikipuuzwa kwa sababu tu imepigiwa ngoma nzito.

Ila msianze kuona rejeleo kila jina linapotajwa. Mchanaji akisema "nina nguvu kama Liyongo", hiyo ni tashbihi ya kawaida. Mtoeni Liyongo, mwekeni Samsoni, na hakuna kilichopotea. Jaribuni hivyo kwenye mistari yenu: Samsoni hakai mpaka mbadilishe kitovu kiwe nywele na baba awe mpenzi wa Delila. Hapo mnajua kisa ndicho kinachobeba maana, wala si jina. Mtakapoandika uchambuzi, semeni mistari "inarejelea" kisa cha Liyongo. Mkiandika "inarejea", msomaji anaweza kudhani inarudi mahali.

Na shaba ya risasi msiitupe. Neno moja linabeba maana mbili kwa wakati mmoja, silaha ya leo na sindano ya zamani, na katika rapu utata wa aina hiyo hutafutwa kwa makusudi.

Mtunzi muulizeni, kwa nini msimuulize? Mwanzieni kwenye kitovu, amekitoa wapi. Akitaja Liyongo, mmepata uthibitisho. Akisema alimsikia bibi yake akisema hivyo, au kwamba lilimjia tu, kisa bado kimo ndani ya maneno, maana lugha ilikuwa imekihifadhi kabla yake. Jibu lake lipimeni pamoja na mistari yenyewe, na panapogongana, mimi nitasimama na mistari.