Kwa Anayeanza Kusoma Utabiri na Kuisoma Dhoruba

Anza na asilimia, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Utabiri ukisema uwezekano wa mvua ni asilimia 40, hausemi kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya siku. Unasema kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, hapo ulipo mvua itanyesha siku 4 hivi. Itakuwa nyingi kiasi gani, asilimia haijui: manyunyu na gharika vyote huhesabika kuwa mvua. Kwa hiyo isome pamoja na milimita, na uangalie ni ya muda gani. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 limemwaga lita 1,000. Kiasi hicho kikigawanyika siku nzima udongo unakinywa chote; kikishuka ndani ya dakika 20, mtaro unafurika. Kagua pia saa iliyoandikwa kwenye ramani, kwa sababu nyingi hutumia UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na si saa ya ukutani kwako.

Sasa radi. Usiitarajie programu ya simu ikuambie mvua ya radi itapiga mtaa gani kesho mchana. Modeli za kompyuta huigawa anga kwa miraba, na katika modeli za dunia nzima mraba mmoja huwa na upana wa kilomita 9 au zaidi. Kiini kimoja cha mvua ya radi kinaweza kuwa cha kilomita chache tu, kikazaliwa na kufa ndani ya saa moja. Kinapenya kwenye matundu ya wavu. Modeli inachoweza kukuambia ni kama viungo vipo: unyevu wa kutosha karibu na ardhi, hewa ya juu iliyo baridi kiasi cha kuiacha hewa ya chini iendelee kupaa, na kitu cha kuisukuma ianze safari, kama jua kali, mlima au upepo wa baharini. Kimoja kikikosekana, siku ya joto la kuchoma huisha bila tone, na mgeni wa kazi hii humlaumu mtabiri bure.

Zikibaki saa mbili tatu kabla ya dhoruba, macho yako yana kazi kubwa kuliko simu. Tazama mawingu ya pamba yenye kitako bapa. Linalorefuka kwenda juu kuliko linavyotanuka, kingo zake zikiwa kali kama za koliflawa, bado linakua. Kilele kikianza kufifia kingo na kuwa kama nyuzinyuzi, ujue maji ya huko juu yameshakuwa barafu. Baadaye hutandaa kama fuawe, na hapo wingu limekomaa.

Wingu lililokomaa lina tabia moja ambayo huwachanganya wanaotumia barometa, kipimo cha mkandamizo wa hewa. Mvua inaposhuka huikokota hewa kwenda chini, na matone yakivukiza huipoza zaidi. Hewa hiyo nzito hugonga ardhi na kusambaa pande zote, mara nyingi ikiitangulia mvua. Upepo uliokuwa ukivuma kuelekea wingu unatulia, kisha unageuka ghafla, wenye baridi na harufu ya udongo uliolowa. Dakika hiyohiyo barometa huruka juu kwa hektopaskali (kizio cha mkandamizo) moja au mbili. Anayeanza husoma mkandamizo unaopanda na kudhani hali inatengemaa, kumbe dhoruba iko mlangoni. Utabiri wa upepo nao hutoa namba mbili, wastani na mivumo ya ghafla. Panga kazi zako kwa ile ya mivumo. Kasi ikipanda kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu ya kusukuma bati huwa mara 4, si mara 2.

Rada, chombo kinachoiona mvua kwa mawimbi ya redio, itumie kwa mfululizo wa picha, si picha moja. Pima dhoruba imesogea kilomita ngapi kwa dakika 30, zidisha kwa 2, unapata kasi yake kwa saa. Gawa umbali uliobaki kwa kasi hiyo upate muda ulio nao, halafu upunguze kidogo, kwa sababu ile hewa baridi huweza kuzalisha viini vipya mbele ya vile vya zamani. Jihadhari na umbali: mwale wa rada ulioinuliwa nyuzi 0.5, ukifika kilomita 100, uko karibu kilomita 1.5 juu ya ardhi. Mvua ya chini yake haionekani, na ile inayoonekana inaweza kukauka kabla ya kugusa ardhi.

Kuhusu umbali wa radi, hesabu sekunde kutoka mwako hadi ngurumo, gawa kwa 3, jibu ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari unafikiwa, hata kama juu yako kuna anga la bluu. Ingia kwenye jengo imara lenye nyaya na mabomba, au gari lenye bodi na paa la chuma. Kinachokukinga garini ni chuma hicho, si matairi. Banda lililo wazi na mti havisaidii. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikisikika nyingine, rudi dakika ya kwanza.