Kabla hamjaongeza sentensi nyingine kwenye sheria za injini

Wadogo zangu, nimesoma mapendekezo ya kamati yenu kuhusu sheria za msimu ujao wa mbio zetu za magari madogo kwenye njia ya udongo. Kurasa tatu, karibu zote injini. Mara ya pili niliyasoma kalamu mkononi, na karibu kila nilipotia alama nilikumbuka wenzetu waliotangulia waliopendekeza jambo lilelile, kwa sababu ileile: tuwarahisishie watu. Najua nia yenu ni njema. Ninyi ndio mnaokuja mapema kumwagilia udongo wa njia wakati wengine bado wako nyumbani, na ninyi ndio mtakaobaki na mchezo huu sisi tukichoka. Ndiyo maana nawaandikia kwa kirefu, na ndiyo maana nina hasira kidogo.

Wengi wenu mnatoka Des Moines. Wiki nzima mko gereji, Jumamosi mko piti, pale magari yanapotengenezwa kando ya njia, na Kiswahili cha Goma, Bujumbura na Mombasa kinapigwa palepale juu ya injini iliyofunguliwa. Uwanja wa Knoxville haufiki mwendo wa saa moja. Agosti mnakwenda kutazama Nationals, mashindano makubwa ya sprinti, yale magari makubwa ya udongo yenye bawa, mkirudi vichwa vimejaa injini za 410. Hata mimi nazipenda. Lakini 410 ni inchi za ujazo 410, yaani lita 6.7, nguvu ya farasi karibu 900 ndani ya gari lisilofika kilo 700 dereva akiwemo, na injini moja mpya inapita dola 50,000. Wenye kuzikimbiza wana wafadhili. Sisi tuna maikro ya cc 600, yaani sprinti ndogo yenye injini ya pikipiki, cheni na bawa, na tuna watu wanaolipwa kwa saa. Kazi ya kamati ni kuhakikisha mtu wa namna hiyo anaweza kushinda Jumamosi na bado akalipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Pendekezo lolote lisilomsaidia huyo, likae kwanza.

1. Andikeni kinachoruhusiwa. Rasimu yenu imejaa "hairuhusiwi hiki, hairuhusiwi kile", na mjanja ataisoma akitafuta kitu ambacho hamkukitaja. Sentensi ya kwanza ya sheria za injini iwe hii: kisichoandikwa hapa hakiruhusiwi. Mtazifuta kurasa mbili nzima kwa sentensi hiyo moja.

2. Msiandike sheria ambayo mkaguzi hawezi kuikagua palepale piti, usiku, baada ya fainali, dereva aliyeshika nafasi ya pili amesimama pembeni anasubiri. Chukueni ujazo. Injini za pikipiki za Yamaha R6 ya kuanzia 2006 na Suzuki GSX-R600 ya kuanzia 2001 zina kipenyo cha silinda milimita 67.0 na mwendo wa pistoni milimita 42.5, zidisha kwa silinda nne unapata cc 599. Kawasaki ya cc 636 iliyotoka 2013 ina kipenyo kilekile cha 67.0, lakini mwendo wake ni 45.1. Ukiitazama imefungwa ndani ya chesisi, imejaa udongo, macho hayatakusaidia. Toa plagi, ingiza gaji, zungusha krenki taratibu kutoka juu hadi chini. Tofauti ni milimita 2.6, inaonekana kabla mwenye gari hajamaliza kujieleza. Hiyo ndiyo sheria nzuri: gaji moja, dakika chache, hakuna ubishi.

Sasa linganisheni na kifungu chenu cha kemshafti (kem, ule mhimili unaofungua vali) "isiyochongwa upya". Vali inainuka kiasi gani, hilo utalipima kwa gaji ya saa ukishafungua kava. Vali inabaki wazi kwa digrii ngapi, hapo unahitaji duara la digrii, meza, mwanga, na karibu saa nzima kwa kila injini. Nani atakaa hapo saa sita usiku? Mwezi wa kwanza mtakagua, mwezi wa pili mtaacha, mwezi wa tatu waaminifu peke yao ndio watakaokuwa wanaifuata. Sheria isiyokaguliwa inamwadhibu mwaminifu. Kama hamwezi kuikagua kem, tafuteni kitu kingine kinachoifanya kem ya pesa nyingi isiwe na faida. Kitu hicho kipo, na nimekijua kwa njia iliyoniuma, kwa hiyo nivumilieni hapa.

3. Springi za vali. Mmependekeza tena ziruhusiwe zisizo za kiwandani, "kwa ajili ya kudumu na usalama". Maneno hayo nayajua. Miaka iliyopita nilikaa kwenye kamati kama yenu, katika uwanja mwingine mdogo, na pendekezo hilo nililiunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lilianza na familia moja. Baba fundi wa mabomba, binti yake wa miaka kumi na mitano ndiye dereva, na alikuwa dereva haswa: anaingia kona ya tatu juu kabisa karibu na ukuta, halafu anatoka chini ya wanaume wazima. Injini yao ilitoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, waliinunua skrepa. Katikati ya msimu springi ikakatika, vali ikaangukia pistoni, injini ikafa. Wakatafuta nyingine. Nayo haikukaa. Baba akaja mkutanoni, akaongea kwa utulivu: seti ya springi imara ni dola mia chache, injini ni zaidi ya elfu moja, turuhusuni tutumie springi. Nani angekataa? Tukapiga kura palepale, tena katikati ya msimu. Nikaenda nyumbani nimeridhika kabisa kwamba tumemsaidia mtu.

Kilichofuata hakikuwa cha ghafla. Springi ngumu inaifanya vali ifuate kem hata injini ikizunguka kupita pale ambapo ya kiwandani ingeanza kuelea. Watu wawili watatu wakaliona hilo mapema. Lakini kontrol boksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, inakata mizunguko ikifika kikomo, kwa hiyo springi peke yake haikuwapa kitu. Majira ya baridi likaja ombi jingine, nalo la huruma: nyaya za pikipiki za zamani zinaoza, boksi za kiwandani zinapatikana kwa shida, turuhusu boksi yoyote. Tukaruhusu. Msimu ulipoanza, injini zilizokuwa zinakata kwenye 14,000 zikawa zinapiga mizunguko 16,000 kwa dakika.

Hapa ndipo hesabu inapouma, na naomba kila mjumbe wa kamati aiweke kichwani. Nguvu inayovuta pistoni na koni rodi, ule mkono unaoiunga pistoni na krenki, kila inapogeuka juu inakua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 14,000 hadi 16,000 ni ongezeko la asilimia 14 tu ukitazama saa ya mizunguko, lakini mzigo kwenye bolti za koni rodi umeongezeka kwa takriban asilimia 31. Bolti za kiwandani zikaanza kuvutika na kurefuka. Ikaombwa bolti imara, kwa usalama. Sawa. Halafu beringi. Sawa. Halafu pistoni nyepesi, kwa sababu bolti peke yake haitoshi. Halafu kem, kwa sababu mizunguko iliyopo juu haina maana kama injini haivuti hewa huko. Kila ombi lilikuwa na sababu ya kweli, na kila sababu ilikuwa imezaliwa na ruhusa iliyotangulia. Injini iliyokuwa inamaliza msimu bila kufunguliwa ikawa inafunguliwa kila baada ya Jumamosi chache. Tulikuwa tunajaza hiti tatu, yaani mbio za mchujo, na fainali. Tukafika mahali fainali haijai.

Yule baba aliuza gari kwa mtu wa jimbo jingine. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Siku anakuja kulichukua trela lake nilimsaidia kufunga mikanda, tukaongea. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza siku ile ya mkutano: mlikuwa mnatumia sproketi ya nyuma ya meno mangapi? Akanitajia. Yalikuwa mengi mno kwa uwanja ule. Binti alikuwa anagonga kikomo cha mizunguko katikati ya mnyoofu na kukaa hapo hadi kona, mzunguko baada ya mzunguko, usiku baada ya usiku. Springi yoyote ya kiwandani ingekatika. Dawa ilikuwa sproketi ndogo kidogo, kitu cha dola makumi machache, na mtu wa kumwambia. Sisi tulikuwa pale, wengine mafundi wa miaka mingi, na badala ya kumtazama gia zake tukaandika sheria.

Kwa hiyo mtu akija na ombi la springi, kamati isipige kura. Mjumbe mmoja aende kwenye gari lake na tochi, ahesabu meno ya sproketi, aulize injini inagonga kikomo wapi. Nyingi ya "shida za sheria" ni shida za gia, mafuta machache, au radieta iliyojaa udongo.

Na kile kitu nilichosema kinaifanya kem ya pesa nyingi isiwe na faida ni kontrol boksi ya kiwandani yenye kikomo chake cha kiwandani. Mtu hawezi kuvuna mizunguko ambayo boksi haimpi. Ongezeni kifungu kimoja tu: mkaguzi ana haki, muda wowote, kuchukua boksi yako na kukupa nyingine ya modeli hiyohiyo kutoka sanduku lake, ukimbie nayo fainali. Asiye na la kuficha hatajali. Sisi kurudisha sheria ya boksi ya kiwandani baada ya kuifuta kulituchukua misimu miwili, kwa sababu watu walikuwa wameshaweka pesa na walikuwa na haki ya kukasirika.

4. Lakiri. Mmeuliza kama tuanze kulakiri injini. Mfano mzuri ni RaceSaver, darasa la 305 lililoasisiwa Virginia na French Grimes: inchi za ujazo 305, lita 5, injini inakaguliwa na kulakiriwa kabla ya kuja uwanjani, kwa hiyo piti kazi kubwa inakuwa kutazama lakiri. Mtu wa kipato cha kawaida anaendesha sprinti kubwa yenye bawa, na sheria hazimkimbii kila mwaka. Kwa cc 600 naona bado mapema, maana injini zetu ni za bei ndogo kuliko usumbufu wenyewe. Mkilazimika, anayelakiri asiwe anayeuza injini.

5. Bei ya kununuliana. Chama cha mbio cha IMCA walipoanzisha darasa lao la magari ya modified hapa Iowa mwaka 1979 waliweka sheria kwamba injini yako inaweza kununuliwa baada ya mbio kwa bei ndogo iliyopangwa. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi hata isipotumika: hakuna anayemwaga akiba yake kwenye injini ambayo jirani anaweza kuondoka nayo usiku huohuo. Mimi ningeiweka. Najua wengine mtaona aibu kumnunulia mwenzenu injini mkiwa mmekula naye chakula mchana. Zungumzeni hilo mapema, dereva asisubiri kulijua fainali ikiisha.

6. Msijifunge kwa kiwanda kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 midjeti (magari madogo ya mbio) za Ford Focus zilikuja na injini ya lita 2 iliyolakiriwa, wazo safi kabisa la kuwapa vijana mahali pa kuanzia. Lakini injini ya gari la barabarani ina umri wake sokoni. Kiwanda kikihamia nyingine, darasa linabaki linatafuta spea. Nasi tumeyaona na R6, ambayo Yamaha waliacha kuiuza kama pikipiki ya barabarani baada ya modeli ya 2020. Rasimu yenu inataja R6 peke yake. Andikeni Yamaha, Suzuki, Honda na Kawasaki, kila moja na miaka yake.

7. Methanoli "kwa hiari". Hapana. Mshindi akishaitumia, wote wataitumia. Petroli inataka hewa takriban 14.7 kwa sehemu moja ya mafuta, methanoli 6.4, kwa hiyo injini inakunywa zaidi ya mara mbili, na hapo mmeshamuuzia kila mtu injekta, pampu na siku ya kutuni kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini. Wale mlio nayo tayari kwenye madarasa mengine, suuzeni mfumo kila mkimaliza, inakula aluminiamu. Na mchana moto wake hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu kila mnapojaza.

8. Hakuna mabadiliko katikati ya msimu. Hata ya huruma.

9. Tairi. Kifungu chenu cha tairi ni kizuri kuliko vyote, msikiguse.

Nimerudisha rasimu kwa katibu. Kifungu cha springi nimekikata, cha boksi nimekiandika upya kwa sentensi mbili, na cha kem nimekiwekea alama ya kuuliza, kwa sababu nataka yule aliyekipendekeza anioneshe kwa mikono yake jinsi atakavyokikagua. Leteni gaji ya saa na duara la digrii kwenye mkutano. Injini ya kufungua nitaleta mimi.