Maji ya deltani yamepanda, au ardhi ndiyo imeshuka?

SWALI: Ninaishi kwenye delta, karibu na mto unapoingia baharini. Ubao wa kupimia maji ulioko gatini unasoma juu zaidi mwaka hadi mwaka, hata mvua ikiwa haba. Wengine wanasema ni bahari, wengine wanalilaumu bwawa lililojengwa huko juu. Sababu ni ipi, na nitaijuaje?

JIBU: Tuanze na huo ubao. Haupimi maji peke yake. Unapima maji kulingana na ardhi uliposimikwa. Ardhi ikididimia sentimita 2, ubao nao unashuka sentimita 2, na maji yatasomeka yamepanda ingawa hayakuongezeka. Hili watu wengi hulisahau, na deltani ndilo la kwanza kuuliza.

Bahari inapanda kweli. Tangu mwaka 1900 imepanda takriban sentimita 20 kwa wastani wa dunia, na sasa inaongeza kama milimita 4 kwa mwaka. Lakini delta nyingi zinadidimia kwa kasi kuliko hiyo. Delta ni lundo la tope na mchanga, na tope hilo hujikandamiza kwa uzito wake lenyewe. Kinacholiokoa ni mafuriko, ambayo kila yanapopita huacha tabaka jipya la udongo juu.

Hapo ndipo wanaolilaumu bwawa wana hoja, ingawa maji yanayofunguliwa bwawani si kisa kizima. Bwawa huzuia udongo. Tangu Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri lilipokamilika mwaka 1970, karibu tope lote la Nile linabaki nyuma ya ukuta, na pwani ya delta yake inaliwa na mawimbi. Matuta ya kukinga mafuriko hufanya vivyo hivyo: kwenye Mississippi nchini Marekani yameutenga mto na ardhi yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya jimbo la Louisiana kupoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za pwani tangu miaka ya 1930.

Pampu ni mbaya zaidi, nami nasema hivyo bila kusita. Maji ya chini ya ardhi yakivutwa kupita kiasi, tabaka za mfinyanzi hubanana na hazirudi tena zilivyokuwa. Delta ya Po nchini Italia ilishuka zaidi ya mita 2 mahali pengine kwa sababu ya kuvuta maji ya chini ya ardhi yenye gesi asilia katikati ya karne iliyopita. Uvutaji ulisimamishwa, ardhi haikupanda.

Sasa, utajuaje? Usiandike kipimo kimoja kwa siku. Soma ubao maji yanapojaa na yanapokupwa, kisha linganisha na kumbukumbu za miaka ya nyuma. Vipimo vyote viwili vikiwa vimepanda kwa kiasi kinachokaribiana, shuku bahari au ardhi. Kama maji kujaa ndiyo yamepanda na maji kupwa yameshuka, huenda mkondo umechimbwa kwa ajili ya meli, na bahari sasa inaingia na kutoka kwa urahisi. Kama maji kupwa ndiyo yaliyopanda zaidi, hasa mto unapobeba maji mengi, basi njia ya kutokea imeziba: sakafu ya mto imejaa mchanga, au magugu maji yamefunga mkondo. Katika hali hiyo mto hauhitaji maji zaidi ili ufurike.

Tembelea pia visima virefu. Bomba la kisima lililofika tabaka gumu halishuki pamoja na udongo wa juu. Ukikuta sakafu ya zege iliyomiminwa kulizunguka imeachana na ardhi, na chini yake pana uwazi wa kupitisha mkono, mara nyingi hiyo ni ardhi inayoshuka. Kwanza hakikisha si maji ya mvua yaliyochimba hapo. Daraja la nguzo ndefu nalo hubaki juu huku barabara inayoliingia ikizama, hadi magari yanaruka ngazi.

Mwisho, iombeni ofisi inayosimamia ubao iupime upya dhidi ya alama ya upimaji iliyofungwa kwenye mwamba, au kwa setilaiti. Bila hilo, kumbukumbu zenu zote zitakuwa zimechanganya mambo mawili, na mnaweza kuinua tuta wakati kinachotakiwa ni kupunguza pampu.