Taa ya rangi ndani ya chupa ya mayonezi

Mtoto wa dada yangu alipokuja kukaa nami hapa Goma alikuwa na miaka sita, na giza lilimtesa. Mtaani kwetu umeme unaondoka bila kuaga, na mshumaa karibu na chandarua siukubali nyumbani kwangu hata kwa dakika moja. Nikamwahidi taa inayojibadilisha rangi. Nilifaulu kwenye jaribio la nne, na ninaandika haya ili wewe usipite kwenye yale matatu ya kwanza.

Moyo wa taa hii ni ledi (LED), kitaa kidogo cha umeme, moja ya milimita tano, ile yenye miguu miwili, inayotoka kwenye nyekundu ikaenda kijani kisha bluu bila kuguswa na mtu. Ndani yake zimelala ledi tatu ndogo sana, bega kwa bega, pamoja na kichipu kinachoziwasha kwa zamu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja jicho linaona manjano; zikiwaka zote tatu linaona nyeupe. Usiichanganye na ile ya miguu minne, ambayo nayo ina rangi tatu lakini haijibadilishi yenyewe. Mimi yangu niliipata Birere, kwa fundi wa redio. Ukikosa, fungua mshumaa wa plastiki wa betri au kichezeo kilichokufa, mara nyingi ledi yake bado ni nzima. Omba uwashiwe kabla ya kulipa, kwa sababu kuna za polepole na kuna zinazometameta kwa fujo. Kwa chumba cha mtoto chukua ya polepole.

Jaribio la kwanza niliiua. Betri ya sola ya volti 12 ilikuwa karibu, nikaigusisha hapo. Iliwaka mara moja kwa nguvu, ikatoa harufu, basi. Fundi alipoiona akaniambia kwa upole: “Mama, haka kanataka volti tatu tu.”

Kwa hiyo chukua betri mbili za AA, zifuatane, utapata volti 3 na hutahitaji kitu kingine. Mguu mrefu wa ledi unaenda upande wa chanya. Ukipenda chaja ya zamani ya simu, ile inatoa volti 5, na zilizozidi lazima zizuiwe na rezistansi, kale kadude kenye mistari ya rangi. Hesabu yake nyepesi: 5 toa 3 inabaki 2, gawanya kwa ampea 0.02 ambazo ledi inazitumia, unapata omu 100. Mistari ya kutafuta ni kahawia, nyeusi, kahawia, kisha ule wa dhahabu pembeni. Ukiwa na ledi kadhaa, kila moja ipewe rezistansi yake na zote zifungwe sambamba. Zikipangwa kwa kufuatana, vichipu vinavurugana na rangi zinakwama. Na umeme wa ukutani, ule wa volti 220, usiuguse moja kwa moja kwa kazi hii.

Jaribio la pili lilinifundisha kwamba kupata ledi inayowaka ni nusu ya kazi. Niliiweka ndani ya chupa safi ya kioo, nikazima kila kitu, tukatazama. Tuliona nukta moja kali inayochoma macho, na ukutani madoa matatu ya rangi yaliyoachana, kila ledi ndogo ikipiga upande wake. Mtoto akasema: “Mama mdogo, hii ni tochi.” Alikuwa na haki.

Jaribio la tatu nililipenda sana kabla sijaliwasha. Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, yamejaa uani, meusi na yenye vitundu, na usiku mwingine wekundu wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, unaonekana mawinguni. Nikafikiri nikijaza chupa mawe hayo madogo na kuficha ledi katikati, nitapata mlima wangu mwenyewe. Nilipowasha, karibu nisione kitu. Jiwe jeusi linameza mwanga wote, rangi yoyote uipe. Siku hizi mawe hayo yanakaa chini ya taa kama uzito, ili isianguke, na hapo yanapendeza kweli.

Iliyofaulu ni hii. Chukua msasa laini, sugua kichwa cha ledi taratibu mpaka kioneke kama kina ukungu. Rangi tatu zitaanza kuchanganyikana hapo hapo. Chukua chupa ya mayonezi iliyooshwa ikakauka, bandika ndani yake tabaka mbili za karatasi ya chooni kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kidogo. Usiwe na haraka, iache usiku mzima ikauke. Kitakoni weka karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara au ya chokoleti, iliyokunjwakunjwa. Kisha toboa kifuniko, pitisha waya, na ledi itazame chini. Hili la kugeuza ledi ndilo lililobadilisha kila kitu: mwanga unapiga karatasi ya fedha, unarudi juu umesambaa, na chupa nzima inakuwa rangi moja kutoka shingo hadi kitako. Funga viungo vya waya kwa utepe wa umeme, kila mguu peke yake, visigusane.

Betri za kawaida zilinipa kama wiki mbili za rangi nzuri, tukiwasha kwa muda wa saa tatu kila jioni. Baadaye bluu ilififia, kijani ikafuata, ikabaki nyekundu peke yake. Usitupe ledi ukiona hivyo, ni betri zinazochoka: nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, lakini bluu na kijani zinataka karibu 3. Ugumu huo wa bluu ni wa zamani. Ledi nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ikasubiri hadi miaka ya 1990, na wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walioipata walipewa tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Kuna betri moja ninayokuomba usiitumie kabisa penye watoto: ile bapa kama sarafu. Inawasha ledi vizuri, lakini mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Chagua AA, na kisanduku chake kifungwe kwa skrubu.

Sasa tuna chupa tatu dirishani. Ukiziwasha kwa pamoja zinaanza zote na nyekundu, lakini vichipu havilingani mwendo, na baada ya dakika chache kila moja inafuata njia yake. Mtoto analala akizitazama, anasubiri zikutane tena. Jana alinishika mkono gizani, akanong’ona: “Mbili zimekutana, mama mdogo, imebaki moja,” na kabla ile ya tatu haijafika alikuwa amesinzia.