Masikio ya sungura kwenye taulo la mtoto

Shoga, umeuliza mbona masikio ya sungura uliyoshona kwenye kofia ya taulo la mtoto hayasimami, na mbona kofia yenyewe inamvuka. Masikio yanalala kwa sababu umeyashona taulo pande zote mbili. Taulo likinyonya maji linakuwa zito, hata ulikaze vipi. Upande mmoja weka taulo, wa pili kitambaa chepesi cha pamba (kipande cha kanga kuukuu kinapendeza sana), kisha likunje sikio pale chini kama rinda kabla hujalichomeka kwenye mpasuo wa kofia. Hilo kunjo ndilo linalolisimamisha.

Na kofia kumvuka mtoto: tafuta katikati ya ule upande mrefu wa taulo kubwa, piga rinda la kama sentimita 6, ndipo uunganishe kofia hapo. Taulo linakumbatia mabega. Wengi hulisahau rinda hili, nami la kwanza nililisahau. Mwanangu alitoka baharini Raskazone, huku Tanga, kofia inaning'inia mgongoni kama mkoba.

Sindano ya cherehani ikivunjika, weka namba 16 na urefushe mshono. Cherehani la miguu halilalamiki, lile dogo la umeme ndilo lenye deko.

Taulo za mtumba za Ngamiani, hapa Tanga, zinafaa, zimeshafuliwa na kuruka (kusinyaa) kwake kumekwisha. Jipya lifue kwanza, pamba huruka.

Macho usiweke vifungo kama mtoto hajafika miaka 3, atakinyofoa akimeze. Tarizi kwa uzi mweusi tu. Mkia ukiweza, weka. Mwanangu ndio anaouvuta kutwa nzima.