Pugu ni ya nani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako niliupata tangu juma lililopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu jambo lenyewe si la kumalizwa kwa sauti ya dakika mbili kwenye simu. Unasema kwenye jumuiya yenu huko Chanika mzee mmoja alisimama akasema serikali iliiba shule ya Pugu, kwamba pale ilimwagika damu ya wamisionari, na sasa Kanisa lidai mali yake. Ukaniuliza: mama, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona ninyi wazee mmekaa kimya?

Ni kweli nusu, mwanangu. Na nusu iliyobaki ndiyo yenye maneno.

Tuanze na hiyo damu, maana ipo. Wabenediktini wa St. Ottilien walifika mwaka 1888, shirika lao likiwa bado changa, lina miaka minne tu tangu Padre Andreas Amrhein alianzishe. Wakapanda Pugu, kule vilimani, kama kilomita 20 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Hawakukaa hata mwaka ukaisha vizuri. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa pwani waliwavamia, wakawaua Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Wengine walichukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha. Hao watatu ndio tunaowakumbuka tukienda hija. Wewe mwenyewe ulishatembea na WAWATA, wanawake Wakatoliki wa parokia yetu, ukiwa mdogo, ukalia njia nzima kwa sababu ya malengelenge, na hukuuliza tunamwendea nani.

Lakini mzee wenu akisimulia damu, asimulie na kilichoileta. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikiwa na mkataba wake na Sultani wa Zanzibar mkononi, ilianza kutoza ushuru bandarini na kupandisha bendera yake bila kuwaheshimu wenyeji. Pangani ikalipuka, chini ya Abushiri bin Salim, na moto ukashuka pwani yote. Wamisionari wetu walikuwa Wajerumani wakati huo huo, katika nchi hiyo hiyo. Mtu wa pwani aliyeporwa bandari yake hakuwa na sababu ya kutofautisha kanzu na bunduki. Tena wenye watumwa walikuwa na kisa chao cha pili: misheni iliwapokea watu waliotolewa utumwani. Kwa hiyo pale Pugu watu wema walikufa katika vita ambayo kampuni ya kwao ndiyo iliyoichokoza. Mimi naona yote mawili yanaweza kusemwa na mtu mmoja, kanisani, bila kukosea dini. Abushiri naye alinyongwa Pangani Desemba ile ile ya 1889.

Ya katikati nayapita haraka. Wabenediktini wakahamia mjini, wakajenga Mtakatifu Yosefu pale ufukweni, kanisa likakamilika mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi.

Shule unayoiuliza ni ya baadaye: St. Francis' College, ya wavulana, bweni. Tanganyika ilikuwa na sekondari chache mno za Waafrika, na hii ikawa miongoni mwa zilizosifika. Benjamin Mkapa alisoma hapo kabla ya kwenda Makerere. Na mwaka 1953 akaja kufundisha historia kijana wa Kizanaki aliyekuwa ametoka Edinburgh, ndiyo kwanza ameoa. Unamjua.

Mwezi wa nne mwaka huo huo Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Basi ikawa siku za kazi yuko darasani Pugu, mwisho wa juma yuko Kariakoo na wenzake. Wazee wanasimulia kwamba alikuwa akiikata njia hiyo kwa miguu akikosa usafiri, na mimi naamini, maana hakukuwa na daladala za Gongo la Mboto. Njia yenyewe iliitwa Barabara ya Pugu. Siku hizi ni Barabara ya Nyerere, na kila asubuhi unakwama kwenye foleni yake ukimnung'unikia. TAA ikageuzwa chama cha siasa, TANU, tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilibidi achague, ualimu au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu ualimu.

Sasa hapo ndipo penye jibu lako. Shule haikuibwa usiku, na aliyeichukua hakuwa mgeni wa Pugu. Ni sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyopitishwa na serikali ya yule yule mwalimu wa historia, Mkatoliki wa kwenda Misa kila siku. Aliijua shule ile chumba kwa chumba, akaitaifisha pamoja na nyingine. Seminari hakuzigusa, zikabaki za Kanisa.

Kwa nini? Kwa sababu shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu alikuwa anabaki nje ya geti. Wapo waliobatizwa ili wapate dawati, na hilo kila mzee wa pwani atakuambia. Nchi imepata uhuru, halafu nani asome na nani asisome inaamuliwa na cheti cha ubatizo! Ingetupeleka wapi?

Mjomba wako aliingia Pugu miaka ya 1970, shule ikiwa imeshakuwa ya serikali. Kitanda cha jirani yake alilala kijana wa Utete, Mwislamu, baba yake mvuvi wa mtoni, ambaye miaka kumi nyuma asingepita hata getini. Walilima pamoja mihogo ya elimu ya kujitegemea, wakala pamoja ugali na maharage yenye wadudu, na Jumapili mjomba wako alikwenda Misa mwenzake akibaki kumlindia sanduku. Ndiye huyo babu wa Rufiji anayekuletea embe dodo kila msimu, wewe ukidhani ni ndugu wa damu.

Sisemi hakuna kilichopotea. Shule nyingi zilizotaifishwa zilichakaa, hilo sibishi. Mapadre na masista waliozijenga kwa mikono waliumia, na sioni kama waliwahi kuambiwa asante ya kutosha. Mzee wenu akilia kwa ajili ya hao nitalia naye.

Ila kudai turudishiwe, hapana. Tangu shule binafsi ziliporuhusiwa tena, Kanisa limejenga shule nyingine nyingi, na nyingi zinafaulisha. Angalia karatasi ya ada. Nimeiona ya mjukuu wangu, nikakaa chini. Mtoto wa mama muuza mihogo pale Kajiungeni hafiki getini, na safari hii hakuna anayemuuliza dini. Tukirudishiwa Pugu leo, itakuwa na geti zuri na karatasi ya ada kama hiyo. Vijana wanaopangiwa pale kutoka Kigoma na Lindi kwa sababu wamefaulu tu, tuwapeleke wapi?

Kanisa lina kituo chake cha hija kule kule Pugu, lina parokia, na halijafukuzwa vilimani. Kama jumuiya yenu ina nguvu, msiandike barua ya madai. Nendeni mkawaulize vijana wa TYCS, wanafunzi Wakatoliki wa pale shuleni, wanahitaji nini: Biblia, gitaa la kwaya, au nauli ya kwenda kwenye kongamano. Mkiwa mnapeleka vitu, msiwasahau na wenzao Waislamu. Mpira wa miguu haubagui dini na unaisha upepo kwa wote.

Mwambie huyo mzee nimemsalimu sana. Akitaka kubishana, anijie Jumapili baada ya Misa ya pili, nitakuwa nimepika.

Wabusu wajukuu.

Mama yako